Mkojo, ukavu na kizazi kushuka: maswali ya akina mama waliokwisha koma hedhi

Maswali haya yanaulizwa na akina mama wa Nairobi wenye miaka 50 kwenda juu, mara nyingi kwa sauti ya chini baada ya kikao cha chama kuisha, au pale mlangoni daktari anapokuwa ameshafunga faili. Nimeyaunganisha yanayofanana. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: shida hizi zina tiba, tena zaidi ya moja, na ya kuchagua ni ile inayogusa kinachokusumbua wewe, ikianza na iliyo nyepesi, inayoweza kuachwa isipokufaa.

Nina miaka 61. UTI hainiachi. Nikienda kwa kemisti pale stejini napewa antibayotiki, napata nafuu, baada ya wiki chache imerudi. Nifanye nini?

Kwanza tuhakikishe kwamba ni UTI kweli, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Hedhi ikikoma, mwili unapunguza sana homoni ya estrojeni. Ngozi ya uke na ya mdomo wa mrija wa mkojo inakuwa nyembamba na kavu, na bakteria wazuri waliokuwa wakiulinda uke kwa asidi wanapungua. Matokeo yake mama anahisi kuchomwa akikojoa, anaenda haja ndogo mara kwa mara, anawashwa, hata kama hakuna maambukizi yoyote. Antibayotiki haiwezi kutibu ukavu. Nafuu ya siku chache huja kwa sababu dalili zenyewe hupanda na kushuka.

Kwa hiyo safari ijayo, kabla hujameza kidonge cha kwanza, toa mkojo uoteshwe maabara. Kile kipimo cha kijiti hakitoshi kwa mtu ambaye shida inamrudia. Jisafishe kwa maji, acha mkojo wa kwanza upite, kisha kinga wa katikati kwenye chupa safi. Majibu huchukua siku mbili tatu, na yatakuambia ni kijidudu gani na dawa ipi inakiweza. Mtu aliyemeza dawa tofauti tofauti za kemisti mwaka mzima mara nyingi anakuta kijidudu chake kimeshazizoea kadhaa.

Kuna jambo jingine ambalo hata wahudumu wengine hulisahau. Wanawake wengi wazee wana bakteria kwenye mkojo bila dalili yoyote. Hao hawahitaji antibayotiki. Kama shosho hana maumivu wala homa, na kipimo kimefanywa tu kwa sababu alikwenda kliniki ya presha, karatasi inayosema "bakteria" si sababu ya kumpa dozi.

Ikithibitika kwamba maambukizi yanarudi kweli, tiba ambayo mimi ningeiulizia mapema ni krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 uliwafuatilia wanawake waliokoma hedhi ambao walikuwa wakipata maambukizi mara kwa mara. Waliopaka krimu ya homoni walipata wastani wa nusu kipindi cha maambukizi kwa mwaka. Waliopaka krimu isiyo na dawa walipata karibu vipindi sita. Ni tofauti kubwa mno kuiacha kando. Antibayotiki ya dozi ndogo kila usiku kwa miezi nayo inafanya kazi, lakini ina gharama ya bakteria kuwa sugu na ya tumbo kuvurugika, ndiyo maana naiweka nyuma. Ipo pia methenamini, dawa ya kuzuia ambayo si antibayotiki. Muulize daktari kama inakufaa na kama inapatikana.

Ukiwa na homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni, hayo ni mambo ya figo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Daktari aliniandikia hiyo krimu. Nilifungua boksi, nikasoma karatasi ya ndani: saratani ya matiti, kiharusi, damu kuganda. Niliiweka kabatini na sijaigusa.

Ninakuelewa kabisa. Ile karatasi ndefu iliyokunjwa mara kumi imewatisha wengi, na mara nyingi hakuna aliyewaeleza ilitoka wapi.

Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamishwa kabla ya muda wake. Ulihusisha wanawake zaidi ya 16,000, wastani wa umri miaka 63, na nusu yao walikuwa wakimeza vidonge vya estrojeni pamoja na homoni ya pili, projestini. Hao waliomeza walipata saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda kwa kiwango cha juu kidogo kuliko wenzao. Baada ya hapo maonyo yaleyale yakabandikwa kwenye kila bidhaa yenye estrojeni, hata krimu ya kupaka.

Krimu ya dozi ndogo ni jambo tofauti. Inafanya kazi pale ilipopakwa, na kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Wanawake wa mradi huohuo wa Marekani waliotumia estrojeni ya ukeni walifuatiliwa kwa miaka, na ripoti ya mwaka 2018 haikuona ongezeko la saratani wala magonjwa ya moyo kwao ukilinganisha na wasioitumia.

Wanaohitaji kusimama kwanza ni waliowahi kuwa na saratani ya matiti, hasa walio kwenye vidonge vya kuzuia homoni. Hao waanze na vilainishi visivyo na homoni, na uamuzi wa krimu ufanywe pamoja na daktari wao wa saratani. Na mwenye kutokwa na damu isiyoeleweka apimwe kabla ya kupaka chochote.

Kawaida inapakwa kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Usiitarajie ikupoze kesho. Wengi wanaona mabadiliko baada ya wiki kadhaa, na nafuu kamili inaweza kuchukua miezi mitatu. Ukiacha, ukavu unarudi, kwa sababu estrojeni ya mwili haijarudi. Hapo ndipo bei inapoingia: unanunua kitu cha muda mrefu, kwa hiyo kabla hujaondoka kliniki uliza tyubu moja itakufikisha wapi.

Je, nikipaka mafuta ya nazi au Vaseline?

Mafuta ya nazi huwasaidia baadhi ya wanawake, ila yanaharibu kondomu za mpira, na ukubwani kondomu bado ina kazi: ngozi nyembamba huchanika kwa urahisi na Virusi vya Ukimwi haviulizi umri. Vaseline ndani ya uke sikushauri. Nunua kilainishi cha maji kwa ajili ya tendo la ndoa, na kama ukavu unakusumbua hata ukitembea au ukikaa, tafuta kile cha kulainisha kinachotumika kila baada ya siku mbili tatu.

Sabuni ya manukato, Dettol, maji ya chumvi na kujifukiza, acha vyote. Maji safi kwa nje yanatosha.

Nawashwa sehemu za siri mwaka wa pili sasa, usiku ndiyo zaidi. Nimetumia dawa za fangasi hadi nimechoka.

Fangasi ukeni hawapatikani sana kwa mwanamke aliyekoma hedhi, isipokuwa ana sukari, anatumia homoni, au ametoka kumeza antibayotiki. Kwa hiyo pima sukari. Kisha umwombe daktari aiangalie ngozi yenyewe kwa macho, kwenye mwanga, badala ya kuandika dawa ukiwa umekaa na nguo zako. Kuna ugonjwa wa ngozi unaoitwa laikeni sklerosasi: ngozi inageuka nyeupe, inakonda, inapasuka, na midomo ya uke inaweza kushikana. Hauambukizi wala haukutokana na uchafu. Tiba yake ni marhamu kali ya steroidi inayopakwa kwa mpango maalumu, na lazima ufuatiliwe, kwa kuwa usipotibiwa unaweza, kwa wachache, kugeuka saratani. Kidonda kisichopona kikatwe kipande kipimwe.

Nikikohoa au nikiinua mtungi wa maji, mkojo unanitoka. Dada yangu yeye hubanwa ghafla na hafiki chooni. Tunaweza kutumia dawa moja?

Hapana. Wewe misuli ya nyonga imelegea. Dada yako kibofu chake kinajikaza bila ruhusa. Wengine wana yote mawili.

Nyote wawili mnaweza kuanza na mazoezi ya misuli ya nyonga, na wewe hasa ndiyo tiba yako ya kwanza. Kaza kana kwamba unazuia hewa isitoke nyuma na mkojo usitoke mbele, kwa pamoja. Makalio na mapaja yasijikaze, na uendelee kupumua. Shikilia kwa sekunde chache, legeza kabisa, rudia mara nane. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu kabla ya kusema yameshindwa. Usifanyie mazoezi hayo wakati unakojoa. Na jifunze kukaza sekunde moja kabla ya kukohoa au kabla ya kuinua ule mtungi. Wengi wanaosema "nilijaribu" walikuwa wanasukuma badala ya kuvuta, kwa hiyo hata kikao kimoja na mtaalamu wa fiziotherapia anayezijua nyonga kina thamani. Unene ukipungua hata kidogo, kikohozi kikitibiwa na choo kikilainika, mkojo nao hutulia.

Dada yako aongeze mazoezi ya kibofu: akibanwa, asimame, akaze, asubiri dakika chache, na kila wiki arefushe muda kati ya safari za chooni. Apunguze chai na kahawa, hasa jioni. Lakini asiache maji. Najua kwa nini wanawake wetu hawanywi maji wakijua watapanda matatu kutoka Githurai hadi mjini na kukwama kwenye foleni; ila mkojo mzito unakiudhi kibofu zaidi na kukaribisha maambukizi.

Dawa za kutuliza kibofu zipo. Angalizo langu ni kwa oksibutinini. Ni ya zamani na hupatikana kwa urahisi, lakini kwa wazee inakausha mdomo, inafunga choo na inaweza kuvuruga kumbukumbu. Mama aliyeanza kuchanganyikiwa baada ya kuanzishiwa dawa ya mkojo asichukuliwe tu kwamba amezeeka. Dawa nyingine ya kibofu, mirabegroni, haina tatizo hilo, ila inaweza kupandisha presha.

Kuna kitu kama uvimbe kinatokeza nikichuchumaa. Nimeambiwa kizazi kimeshuka na lazima kitolewe.

"Lazima" ni neno zito hapo. Kizazi kushuka si saratani, na kama hakikuzuii kitu unaweza kusubiri huku ukifanya mazoezi. Kikikusumbua, una njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni pesari: kifaa laini cha silikoni, mara nyingi duara kama bangili nene, kinachowekwa ukeni ili kishikilie kizazi juu. Anayekupima anajaribu saizi, kisha unatembea, unachuchumaa, unakohoa na kukojoa kabla ya kwenda nyumbani. Ikikaa vizuri hutaihisi. Wengine hujifunza kuitoa, kuiosha na kuirudisha wenyewe. Wengine hurudi kliniki kila baada ya miezi michache. Hatari yake kubwa ni kusahauliwa ndani, ikachimba vidonda. Krimu ya estrojeni husaidia kuilinda ngozi.

Ya pili ni upasuaji. Unatibu kwa wengi, lakini tatizo linaweza kurudi, na kupona ni wiki kadhaa bila kubeba kitu kizito. Mwenye wajukuu wawili mgongoni na maji ya kupandisha ghorofani alipange hilo na familia mapema. Uliza kama daktari anakusudia kuweka wavu kupitia ukeni: mwaka 2019 Marekani iliamuru watengenezaji waache kuuza nyavu hizo za kuinua kizazi kwa sababu usalama wake haukuthibitishwa.

Umri pekee haukatazi upasuaji, wala haukulazimishi. Mimi ningejaribu pesari kwanza, kwa kuwa ukiichukia unaitoa siku hiyohiyo. Kama kituo cha karibu hakina, omba barua ya rufaa hadi kliniki ya magonjwa ya wanawake ya hospitali kubwa, na uulize SHA, bima ya afya ya serikali, italipia nini kabla ya kukubali tarehe.

Kliniki moja ya urembo inanishauri nipigwe miale ya leza, eti uke urudi ujana.

Weka pesa zako. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilionya kuhusu matangazo ya aina hiyo na kutaja kuungua na makovu. Mwaka 2021 utafiti wa Australia uliwalinganisha waliopigwa leza na waliofanyiwa ya kuigiza. Baada ya miezi 12 hapakuwa na tofauti ya maana.

Nimeona tone la damu, miaka minane baada ya hedhi kuisha.

Nenda wiki hii, hata kama ni tone moja na halikurudi. Mara nyingi ni ukavu, lakini saratani ya kizazi na ya mlango wa kizazi huanza hivyohivyo, na zikikutwa mapema zinatibika.

Nikienda kliniki, niende na nini?

Kwa siku tatu andika kwenye daftari saa uliyokojoa, ulichokunywa na mara ulizovujisha. Beba dawa zote unazotumia ndani ya pakiti zake, na za miti shamba pia. Dawa ya presha ya kutoa maji ikimezwa jioni inaweza peke yake kukuamsha usiku mara tatu, na kuihamishia asubuhi kwa idhini ya daktari hakukugharimu kitu. Kisha mwambie jambo moja unalotaka libadilike kwanza, iwe ni kulala usiku kucha, kurudiana na mzee kitandani bila maumivu, au kukaa ibadani hadi mwisho. Akianza kuandika kabla hujalisema, mwombe asubiri.