Kilima cha Kobayakawa

Mpwa wangu ndiye aliyenifumbua macho. Alikuwa amepanga askari wake juu ya kilima changu kipya, kilima nilichokichonga wiki mbili, laini, cha mviringo, kama kichuguu kilichooshwa na mvua. Akageuka kuchukua dadu. Nyuma yake samurai wa kwanza akaanza kuteleza, akamgonga wa pili, wa pili akawazoa wenzake, na jeshi zima likashuka bondeni bila amri ya mtu.

"Mjomba," akasema, "kilima chako kizuri, ila hakikaliki."

Mimi ni fundi wa maketi. Mchana natengeneza vijumba vya kadibodi kwa ajili ya wasanifu majengo. Usiku, umeme ukiwepo, natengeneza meza za mchezo wa vita: askari wadogo wa bati au plastiki wenye kimo cha milimita 28, rula, dadu, na watu wazima wawili wanaobishana kama mshale ulifika au haukufika. Kwenye maketi ya jengo, kilima ni cha kutazamwa tu, basi nami nilikijenga hivyo hivyo. Tangu siku ile ya maporomoko nimekuwa nikiijenga na kuibomoa meza moja, ya vita vya Sekigahara, na hapa nitaeleza nilipofikia.

Sekigahara ni bonde dogo katika mkoa wa Gifu, Japani, kama kilomita nne toka mashariki hadi magharibi na mbili toka kaskazini hadi kusini. Njia kuu ya Nakasendo inapita katikati yake. Ya Hokkoku inachepuka kwenda kaskazini-magharibi, ya Ise kusini-mashariki. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1600, Ishida Mitsunari, kiongozi wa jeshi la Magharibi, alikuwa kwenye kilima cha Sasao, kaskazini-magharibi mwa bonde. Adui yake, Tokugawa Ieyasu wa jeshi la Mashariki, ambaye ndiye aliyeshinda siku ile, aliingia kutoka mashariki na kutua kwenye kilima cha Momokubari. Ukiitazama ramani bila kujua mwisho wake utasema Ieyasu kajiingiza mtegoni mwenyewe: mbele yake Mitsunari, ubavuni upande wa kusini Kobayakawa Hideaki juu ya mlima Matsuo wenye mita 293, na nyuma yake, kwenye mlima Nangu wenye mita 419, jeshi la ukoo wa Mori. Wote hao wa milimani walihesabiwa kuwa watu wa Mitsunari. Wa Nangu hawakushuka. Wa Matsuo walishuka, lakini wakawaangukia wenzao.

Basi ukijenga Sekigahara kwa kutupia tu vilima viwili vitatu juu ya kitambaa cha kijani, vita vyenyewe umeviacha dukani. Siku ile iliamuliwa na watu waliokaa juu, wakaona kila kitu, wakajadiliana na nafsi zao. Lazima wawe na mahali pa kukaa.

Meza yangu ni mita 1.8 kwa 1.2. Kilomita nne ukizibana ndani ya mita 1.8, kila sentimita ya meza inakuwa mita 22 za ardhi. Kilele cha Matsuo kinalizidi bonde kwa kama mita 150, kwa hiyo mezani kinapaswa kunyanyuka sentimita saba hivi. Hapo ndipo wengi wanaposhtuka, maana tumezoea kudhani mlima lazima ufike kifuani. Saba zinatosha. Anayeharibu hesabu ni askari: kwa kipimo hicho hicho, samurai wangu wa milimita 28 ana urefu wa mita 62, jengo la ghorofa ishirini limevaa kofia ya pembe. Ukimkuza mlima ili umfae askari, bonde linakwisha. Ukimpunguza askari hadi milimita 6, meza inapendeza mno lakini nembo za koo kwenye bendera hazisomeki, na mimi bendera ndizo zilizoniingiza katika uraibu huu. Nikaamua ardhi ifuate ramani na askari wawe alama tu. Nyumba na miti nayo nimeipunguza, iwe midogo kuliko askari anavyostahili. Jicho husamehe haraka.

Sasa jinsi Matsuo unavyokalika. Nilipoanza kusoma kuhusu ngome za milimani za Kijapani niligundua kwamba tatizo langu walishalitatua wao, kwa majembe. Ngome za zama zile hazikuwa yale majumba meupe ya ghorofa tunayoyaona kwenye kalenda. Nyingi zilikuwa mlima wenyewe uliokatwa: vilele vimesawazishwa kuwa viwanja vinavyoitwa kuruwa, kingo zimechongwa ziwe kali zisipandike, na mgongo wa mlima umekatizwa kwa handaki. Juu ya Matsuo kulikuwa na ngome ya namna hiyo, na matuta yake ya udongo yapo hadi leo. Kwa hiyo kilima cha ngazi, ambacho wachezaji wengi wanakidharau kwamba kinafanana na keki ya harusi, kwa Matsuo ndicho chenye ukweli zaidi. Nilijicheka. Nilikuwa nimetumia wiki mbili kulainisha kitu ambacho wenyewe walikichonga ngazi.

Natumia stairofomu ngumu ya bodi, ile inayozuia joto kwenye vyumba vya baridi, ya unene wa milimita 25. Bodi tatu zikipandana zinakupa sentimita saba na nusu. Hesabu imejileta yenyewe. Ile nyeupe ya punje inayokuja na friji ni ya bure na inafaa kwa tumbo la mlima lisiloonekana, ila ukiikata kwa kisu inamwaga punje ambazo utazikuta kwenye ugali wiki tatu baadaye. Nakata kwa waya wa moto wa volti 12 uliovutwa kwenye fremu ya mbao, madirisha yote wazi kwa sababu moshi wake si wa kuvutwa na mtu. Usithubutu kuuchomeka waya huo kwenye umeme wa ukutani.

Upana wa kila ngazi unatokana na kitako, yaani kibao wanachosimamishiwa askari. Vitako vyangu ni vya askari sita sita, milimita 60 kwa 40, kwa hiyo ngazi nazikata milimita 50 kwenda ndani. Hizo kumi za ziada ni za kidole. Mchezaji asipopata pa kupitisha kidole atamshika samurai kwa mkuki, na mkuki utabaki mkononi mwake. Ukingo wa upande wa bonde nimeuchonga mkali, nyuzi sitini hivi, na wachezaji tumekubaliana haupandiki. Kisha upande wa kaskazini-magharibi, unaotazama kambi ya Otani Yoshitsugu, kamanda wa Magharibi, nimeacha mteremko mmoja mrefu, sentimita nne kwenda mbele kwa kila sentimita moja ya kushuka. Hapo nimepaka gundi na kumwaga mchanga wa chembe kubwa ambao haukuchekechwa. Mchanga huo unamkamata askari wa bati asiteleze hata meza ikigongwa na tumbo la mtu.

Huo mteremko ndio njia ya usaliti. Otani alikuwa mgonjwa, akibebwa kwenye machela, na hakumwamini Hideaki; alijipanga akiwa ameuzingatia Matsuo. Mezani, anayecheza Magharibi anauona mteremko ule toka zamu ya kwanza, na nimeshuhudia watu wakiacha askari wazuri bila kazi saa nzima ili tu wautazame. Kuna hadithi maarufu kwamba Ieyasu alipochoka kungoja aliamuru bunduki zielekezwe Matsuo, zipigwe, ili Hideaki ashtuke na kuamua. Wanahistoria wengi wa leo wanaitilia shaka. Mimi nilivuta uzi toka kambi ya mbele ya Ieyasu hadi kilele changu: zaidi ya mita moja ya meza, yaani zaidi ya kilomita mbili za ardhi, katikati ya maelfu ya bunduki nyingine na moshi wa baruti. Anayeamini kwamba Hideaki aliutambua mlio mmoja kati ya yote hayo, aamini.

Nangu nimeujenga kinyume kabisa na Matsuo. Huko Kikkawa Hiroie, wa ukoo huo huo wa Mori, alikuwa ameshapatana na Ieyasu kwa siri, na jeshi lake ndilo lililokaa mbele, njiani. Walio nyuma yake hawakuweza kupita. Mori Hidemoto, mkuu wa jeshi la Mori pale mlimani, alipoulizwa na wenzake mbona hashuki, alijibu kwamba askari wake wanakula chakula; Wajapani hadi leo wana msemo wa kisanduku kitupu cha chakula cha bwana huyo. Basi mlima huu una kilele kipana cha kubeba jeshi zima, na njia moja tu ya kushukia, milimita 65. Kitako kimoja cha Kikkawa kikisimama pale, mlima umefungwa. Sikuhitaji kuandika kanuni yoyote ya mchezo kuhusu Kikkawa, njia yenyewe inatosha.

Nangu wa kwanza uliliwa na panya, na naandika hili kwa uchungu. Niliujenga kwa vipande vya magazeti na uji mzito wa unga wa ngano juu ya wavu wa kuku, kama tulivyofundishwa shuleni kutengeneza tufe la dunia. Nikaupaka rangi, nikauweka juu ya kabati. Baada ya masika nikaushusha, mwepesi ajabu. Upande wa nyuma kulikuwa na tundu la ukubwa wa yai, na ndani familia nzima ilikuwa imelala kwenye kilele cha ukoo wa Mori. Tangu hapo unga ni wa chapati. Juu ya stairofomu napaka mchanganyiko wa rangi ya maji ya ukutani vikombe viwili, gundi ya mbao kimoja na mchanga laini kimoja, kwa brashi kuukuu, mara mbili. Unakauka mgumu na hauna ladha. Rangi ya kopo la kupuliza usiisogeze karibu kabla ya kupaka hiyo. Inaiyeyusha stairofomu kama sukari kwenye chai, na supaglu nayo hivyo hivyo.

Kuhusu rangi ya udongo, mkono ulinisaliti. Nilichanganya wekundu bila hata kufikiri, kwa sababu ardhi kichwani mwangu ni nyekundu, na picha nilipozituma, rafiki mmoja akaniuliza kama samurai wamefika Singida. Sasa naanza na kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, halafu napitisha brashi kavu yenye kahawia ya kati na mwisho rangi ya mchanga, kwenye kingo tu.

Miti ndiyo inayonigombanisha na wenzangu. Picha za Sekigahara ya leo zinaonyesha milima iliyofunikwa miti ya sugi, mierezi ya Kijapani, mirefu, minyoofu, imesongamana. Sehemu kubwa ya misitu ya namna hiyo nchini Japani ilipandwa baada ya vita vya dunia vilivyoisha 1945. Zama za samurai, vilima vya karibu na vijiji vilikatwa kuni na nyasi za mbolea mwaka hadi mwaka, vingi vikabaki na vichaka, misonobari myekundu iliyopindapinda, au upara mtupu. Kwa hiyo nimeacha upara mwingi, na anayekuja mara ya kwanza huuliza kama bado sijamaliza. Halafu micheri ya maua ya waridi! Kila meza ya samurai lazima iwe nayo, hata kama vita ni vya Oktoba. Nilikuwa nayo saba. Nimeing'oa.

Badala yake kuna susuki, nyasi ndefu zenye vichwa vya fedha wakati wa vuli, na hizo nazitengeneza kwa mkonge. Unachukua singa za kamba ya mkonge, unazifunga kama kijifagio, unakata sentimita mbili, unachomeka kwenye gundi na kuzipaka nyeupe nchani. Hakuna bidhaa ya dukani inayozifikia. Mianzi ni chelewa za ufagio zilizopakwa kijani. Vichaka ni dodoki lililochanwachanwa. Majaruba ya mpunga niliyachimba kwenye bodi ya chini kwa kina cha milimita tatu, matuta nikayaacha, na sikuyatia maji ya kung'aa: msimu wa mavuno maji yameshatolewa. Yana mabua makavu na tope, kwa kuwa usiku wa kuamkia vita mvua ilinyesha.

Asubuhi yake ukungu ulifunika bonde, majeshi yakangoja hadi kama saa mbili ndipo yakaonana. Nilichana mto wa zamani, nikatoa pamba yake ya plastiki, nikaitandaza juu ya meza nzima hadi usawa wa mabega ya Matsuo. Kila zamu mchezaji anarusha dadu na kuondoa kipande kimoja. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, mpwa wangu alikuwa Hideaki. Vilele vyake vilikuwa nje ya pamba, askari wamesimama imara kwenye ngazi zao, na chini hakuonekana mtu. Alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyomzoea.

Umebaki Mto Fuji, kijito kinachopita mbele ya kambi ya Otani, wala hauhusiani na mlima ule maarufu. Jana usiku nimemwaga vanishi ya kwanza. Kuna unywele wa brashi umezama katikati, nitautoa kwa sindano ikishakauka, na mpaka Jumamosi hakuna ruhusa ya kugusa.