Protini za utando wa seli: kushikana kwa seli, maambukizi na maradhi

Mtoto mwenye homa akifikishwa zahanati hapa Malindi, hasa baada ya mvua za masika mbu wanapozidi, huchomwa kidole na tone la damu likapakwa kwenye kioo. Mtaalamu wa maabara akikitazama kioo hicho kwa darubini huona vipete vidogo vyembamba ndani ya chembe nyekundu za damu. Hivyo ni vimelea vya Plasmodium falciparum, aina ya malaria inayoua zaidi Afrika. Lakini anavyoviona ni vile vichanga. Vile vilivyokomaa, vyenye umri wa zaidi ya siku moja ndani ya chembe, ni nadra kuonekana kwenye damu ya kidole. Havikufa wala havikutoka mwilini. Vimejishika kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, katika ubongo, mapafu na utumbo, na kinachovishikiza huko ni protini zilizo kwenye utando wa seli.

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando wa mafuta wenye unene wa nanomita 7 au 8 hivi. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Mafuta hayo huzuia vya ndani visimwagike na vya nje visiingie ovyo. Kazi nyingi nyingine hufanywa na protini zilizopachikwa humo, ambazo katika seli nyingi huwa karibu nusu ya uzito wa utando wote. Baadhi zimepenya kutoka ndani hadi nje, nyingine zimekaa upande mmoja tu. Mwaka 1972 wanasayansi Singer na Nicolson walieleza kwamba utando huo si kitu kigumu: mafuta yake ni laini, na protini nyingi husogea humo huku na huku.

Protini hizi hupitisha chumvi na sukari, hupokea ujumbe wa homoni, huitambulisha seli mbele ya kinga ya mwili, na hushika. Hapo kwenye kushika ndipo nitakapokaa zaidi. Wengi wetu tukisikia neno ugonjwa hufikiria sumu, au mdudu anayetafuna mwili. Ukichunguza maradhi mengi makubwa, utakuta kiini chake ni nani amemshika nani: seli zimeachana pasipotakiwa, au zimeshikana pasipotakiwa, au kijidudu kimepata mahali pa kujishikiza.

Bila kushikana hakuna mwili. Seli za ngozi na za utumbo hushikana kwa protini ziitwazo kadherini, ambazo hutegemea kalisi. Mwanasayansi wa Japani, Masatoshi Takeichi, ndiye aliyezigundua. Ukiondoa kalisi majimaji yanayozizunguka, seli zinaachana. Integrini nazo huifunga seli kwenye nyuzi zilizo nje yake, na papo hapo hupeleka habari ndani ili seli ijue kwamba ipo mahali pake. Selektini hukaa hasa kwenye kuta za mishipa. Mahali penye jeraha huzikamata chembe nyeupe zinazopita na damu, zikaanza kubiringika polepole hadi integrini zizishike barabara na zipenye kwenda vitani.

Wapo watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na kasoro katika integrini za chembe nyeupe. Damu yao imejaa chembe hizo, hata kuliko kawaida, lakini haziwezi kushika ukuta wa mshipa na kutoka nje. Kidonda chao hakitungi usaha, kwa maana usaha ni chembe nyeupe zilizofika na kufa kazini. Kitovu chao, ambacho kwa kawaida hudondoka ndani ya wiki moja au mbili, huweza kukaa zaidi ya wiki tatu. Kitovu kuchelewa peke yake si ugonjwa, na sitaki mama yeyote aingiwe na hofu kwa hilo. Kikichelewa na mtoto naye akawa anapata maambukizi yasiyokatika, daktari aambiwe mambo yote mawili. Kwa watu wazima kuna pemfigasi, ambapo kinga ya mwili huzishambulia kadherini za ngozi na mdomo, seli zikaachana na malengelenge yakatanda. Na katika saratani nyingi, seli iliyopoteza kadherini yake hupata urahisi wa kujitenga na wenzake na kusambaa.

Sasa turudi kwenye malaria, ambayo sisi watu wa Pwani imetusumbua na kutufundisha pia. Kimelea kinapotoka kwenye ini, kinakokwenda kwanza mtu akiumwa na mbu, hutafuta chembe nyekundu ya kuingia. Kinaigusa, kinajigeuza hadi ncha yake ielekee kwenye utando, kisha kinajisukuma ndani kwa chini ya dakika moja hivi. Kila hatua hutaka protini ya chembe ya kushikilia. Aina nyingine ya malaria, Plasmodium vivax, hutegemea sana protini iitwayo Duffy. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana Duffy kwenye chembe nyekundu zao, na katikati ya miaka ya 1970 ilibainika kwamba hiyo ndiyo sababu vivax haikupata makao makubwa kwetu, ingawa siku hizi imeshaonekana hata kwa baadhi ya wasio na Duffy. Hapa pana jambo ambalo ningependa kila mtu alijue. Watu wasio na Duffy mara nyingi wana idadi ndogo kidogo ya aina moja ya chembe nyeupe, na si ugonjwa. Kipimo chao kikilinganishwa na viwango vilivyotokana na watu wa Ulaya, mtu mzima wa afya anaweza kuambiwa damu yake ina kasoro.

Falciparum haihitaji Duffy. Hutumia protini kadhaa za chembe nyekundu, zikiwemo glikoforini, na hapo kaunti yetu ya Kilifi imeifundisha dunia nzima. Baadhi ya wenyeji wamerithi kundi la damu liitwalo Dantu, linalotokana na jeni mbili za glikoforini kuchanganyika. Dantu ni nadra Afrika Magharibi, ilhali Kilifi ni la kawaida kiasi. Watoto waliolirithi kwa baba na kwa mama wamekutwa na kinga ya hadi asilimia 74 dhidi ya malaria kali. Mwaka 2020 watafiti waliochunguza damu ya watoto wa Kilifi walionyesha sababu: utando wa chembe za Dantu umekazwa zaidi, na kimelea hushindwa kuusukuma. Ukiangalia kwa darubini unakiona kimejishika vizuri kabisa, na bado hakiingii. Kwangu huo ni mmoja kati ya ugunduzi mzuri kuliko yote ya malaria, na umetoka katika damu ya watoto wa majirani zetu.

Kikishaingia, kimelea kina saa 48 za kukua na kuzaana. Tatizo lake ni bandama, ambayo huichuja damu na kuziondoa chembe zilizokakamaa, kama hizi zenye kimelea. Ili kisipite huko, kimelea hutengeneza protini yake chenyewe, PfEMP1, na kuitokeza juu ya utando wa chembe kwenye vinundu vidogo. Kwa protini hiyo chembe iliyoambukizwa hung'ang'ania ukuta wa mshipa damu ikipita kwa nguvu, kama chaza kwenye mizizi ya mikoko ya Mida maji yanapokupwa. Kimelea kimoja kina jeni zipatazo 60 za PfEMP1 na hutumia moja kwa wakati. Kinga ya mwili ikiitambua moja, baadhi ya vimelea hubadilisha. Ndiyo sababu mtoto huugua tena na tena, na mtu mzima aliyekulia hapa, ambaye mwili wake umeshakutana na nyingi za aina hizo, huumwa kidogo.

Upande wa pili wa mshiko huo ni protini zetu wenyewe, na hapo waliosema kikulacho ki nguoni mwako wamesema kweli. Mojawapo ni ICAM-1, ambayo kazi yake halali ni kusaidia chembe nyeupe kutoka kwenye mshipa. Mwaka 1997 aina moja yake inayopatikana sana Afrika ilipewa jina la ICAM-1 Kilifi, kwa sababu utafiti ulifanyika kwa watoto wa huku. Wakati huo ilionekana kuongeza hatari ya malaria ya ubongo. Tafiti kubwa zaidi zilizofuata hazikuthibitisha. Nyingine ni EPCR, iliyofahamika mwaka 2013 kuwa inashikwa na PfEMP1 za malaria kali. EPCR huizuia damu isigande ovyo na huulinda ukuta wa mshipa usivuje. Ikishikwa na kimelea, kazi yake inasimama.

Yote haya yakitokea kwenye mishipa ya ubongo, mtoto hupata degedege na kupoteza fahamu. Katika nyumba nyingi za Pwani hali hiyo imehusishwa na pepo, na mtoto akapelekwa kwa mganga kwanza. Simdharau yeyote aliyefanya hivyo, kwa sababu mtoto anayetikisika na kugeuza macho ni jambo la kutisha. Lakini chembe zimeziba mishipa, na kila saa inayopita ni hasara. Mtoto huyo anahitaji hospitali na sindano ya atesuneti, dawa ya malaria kali, mara moja.

Kwa mja mzito, vimelea hupata mahali pengine papya: kondo la nyuma. Zipo protini za utando za kondo zilizobeba sukari maalumu, na kuna aina moja ya PfEMP1 inayozishika hizo hasa. Mwanamke aliyekulia Malindi na kinga yake nzuri hujikuta dhaifu tena katika mimba ya kwanza, kwa kuwa mwili wake haujawahi kukutana na aina hiyo. Mimba zinazofuata huwa na kinga zaidi. Mama anaweza asihisi kitu, kipimo cha kidole kisioneshe kitu, ilhali kondo limejaa na mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Kwa hiyo vidonge vya SP vya kukinga malaria vinavyotolewa kliniki kuanzia miezi mitatu ya ujauzito kupita, katika maeneo ya Pwani na Ziwa Victoria, vinamezwa hata na asiyeumwa. Dada zangu, msiviache kwenye mkoba.

Si malaria peke yake. Virusi vya Ukimwi hushika protini mbili za chembe nyeupe, CD4 pamoja na CCR5, na mtu asiyerithi CCR5 kabisa huwa na kinga kubwa. Ni watu wachache wenye asili ya Ulaya. Timothy Ray Brown alitibiwa Berlin mwaka 2007 kwa kupandikiziwa uboho wa mtu wa namna hiyo, akawa wa kwanza kupona Ukimwi. Virusi vya Korona hushika ACE2, protini inayosaidia kurekebisha shinikizo la damu.

Kwa nini basi tusiziondoe tu protini zinazoshikwa? Kwa sababu ni zetu na tunazihitaji. Kuziba ICAM-1 yote ni kuzifunga njia chembe nyeupe. Ndiyo maana akili kubwa sasa imeelekezwa upande wa kimelea. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba falciparum, vyovyote ilivyo, haiingii kwenye chembe nyekundu bila protini yake RH5 kuishika basigini yetu. PfEMP1 ina sura 60. RH5 haibadiliki sana, na mshiko huo hauna mbadala. Chanjo inayoifundisha kinga kuizuia RH5 imejaribiwa Bagamoyo, Tanzania, na kwa watoto wa Burkina Faso, ambako matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha ulinzi wa asilimia 55 kwa miezi sita. Chanjo za malaria zilizokwisha kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, humshambulia adui kabla hajafika kwenye ini. Hii ya RH5 humngoja kwenye damu, na watafiti wanataka kuziunganisha ili kimelea kinachoponyoka ya kwanza kikutane na ya pili kikiwa kimeshajiandaa kushika.