Mshenga wa MMP-2: jinsi glioblastoma inavyopenya ubongo

Kipande cha uvimbe wa titi kikiletwa maabara, daktari wa upasuaji huniuliza kama kingo zake ni safi, yaani hazina seli za saratani, nami nina la kumjibu. Kwa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, swali hilo halina maana. Nasogeza kioo chini ya darubini nikitafuta mahali uvimbe ulipoishia, napata seli zake zikipungua polepole, mbili hapa, moja pale, bila mpaka. Mwaka 1928 Walter Dandy wa Johns Hopkins aliripoti kuwatoa wagonjwa nusu nzima ya kulia ya ubongo, watu waliokwisha kupooza upande wa kushoto. Uvimbe ulirudi hata hivyo.

Seli hizo hupita kandokando ya mishipa ya damu na nyuzi za neva. Si njia rahisi. Nafasi kati ya seli za ubongo ni finyu na imejaa haialuronani, mnyororo mrefu wa sukari, pamoja na protini zilizoishikilia, kama brevikani. Kolajeni, protini ya nyuzi imara, ipo zaidi kwenye utando unaozunguka mishipa. Ndipo vimeng'enya, protini za kukata vizuizi hivyo, vinapohitajika. Vimeng'enya vya kundi la ADAMTS hukata brevikani, kingine kiitwacho katepsini B kina sehemu yake, ila ninachovutiwa nacho zaidi ni MMP-2, kimoja cha ukoo wa MMP.

Kimeng'enya hiki hutoka kwenye seli kikiwa kimezibwa: kipande cha protini yake yenyewe kimefunika zinki, na bila zinki hiyo hakikati kitu. Wa kukizibua ni MT1-MMP, ndugu yake aliyepachikwa kwenye utando wa seli. Hawakutani hivi hivi, lazima awepo mshenga, naye ni protini iitwayo TIMP-2. Hapo wanafunzi wangu hukunja uso, kwa sababu TIMP-2 wamefundishwa kuwa ni kizuizi cha MMP. Ni kweli. Huikamata MT1-MMP moja na kuinyamazisha, kisha kwa mkia wake huishika MMP-2. MT1-MMP nyingine jirani, iliyo huru, ndiyo inayokata. TIMP-2 ikizidi, hakuna iliyobaki huru, na kazi inasimama. Kwa hiyo kizuizi kile kile, kikiwa kidogo, kinasaidia uvamizi.

Tena uvimbe hauifanyi kazi hii peke yake. Majaribio ya panya yameonyesha kuwa seli za glioma, kundi la uvimbe wa ubongo ambamo glioblastoma imo, huzichochea mikroglia, askari wa ubongo wenyewe, zitoe MT1-MMP kwa wingi. Mlinzi anamfungulia mwizi mlango.

Ukishayajua hayo, habari ya marimastat haishangazi sana. Dawa hiyo iliziba MMP karibu zote kwa pamoja. Wagonjwa wa glioblastoma walipewa dawa hiyo baada ya upasuaji na mionzi. Viungo viliwauma na kukakamaa, na hawakuishi muda mrefu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa maoni yangu ilichelewa, kwani seli zilikuwa zimeshasambaa kabla ya kidonge cha kwanza, na katepsini, ambazo si MMP, haikuzigusa kabisa.