Uelekezaji kwingine: simu inapokupeleka usikotaka

Unasoma makala kwenye simu. Umefika aya ya tatu, kidole hakijagusa kitu, mara skrini inakuwa nyeupe. Anwani iliyo juu inabadilika mara mbili tatu, upesi kiasi kwamba huwahi kuisoma, na makala imeshatoweka. Mahali pake pana ukurasa wa rangi kali unaokupongeza kwa kushinda simu mpya, au unaokuonya kwamba simu yako ina virusi vinne, na sekunde zinahesabiwa kurudi nyuma. Ukibonyeza kitufe cha kurudi, unabaki palepale.

Huo ni uelekezaji kwingine, wa aina ambayo hukuiomba. Nasema hivyo kwa sababu uelekezaji wenyewe hauna kosa. Ni amri tu inayopewa kivinjari: ulichokuja kutafuta hakipo hapa, nenda pale. Kwa siku moja kivinjari chako huitii amri hiyo mara nyingi bila wewe kuhisi. Tovuti iliyobadilisha anwani hujibu kwa namba 301, yaani tumehama jumla; 302 ni kusema tumehama kwa muda. Linki fupi unazotumiwa kwenye ujumbe hazina kazi nyingine ila hiyo. Hata ukurasa wenyewe, ukishafunguka, unaweza kutoa amri hiyo kwa mstari mmoja tu wa JavaScript, lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya kurasa za wavuti.

Mstari huo mmoja ndio chanzo cha usumbufu wote, kwa kuwa unaweza kuandikwa na yeyote aliyepewa nafasi ndani ya ukurasa. Na kurasa nyingi za leo zimejaa vitu vya watu wengine: matangazo, vihesabu vya wasomaji, vitufe vya kushiriki, video. Kwa hiyo ukirushwa, usikimbilie kumlaumu mwenye tovuti. Uliza kwanza amri imetoka kwa nani.

Mara nyingi imetoka kwenye tangazo. Mwenye tovuti hachagui tangazo moja moja; yeye hukodisha nafasi tupu, basi. Wewe ukifungua ukurasa, nafasi hiyo inapigwa mnada papo hapo, katika sehemu ya sekunde, na wanunuzi wanapambana kwa mashine dhidi ya mashine. Aliyeshinda analeta tangazo lake, na tangazo la siku hizi si picha tu, ni programu ndogo. Tapeli hana haja ya kuidukua tovuti: ananunua nafasi kama mteja mwingine yeyote, anapeleka tangazo safi likaguliwe, likishapita analigeuza. Hapo mwenye tovuti, kampuni ya matangazo na msomaji wote wanashangaa pamoja.

Vivinjari vimejaribu kuziba njia hii. Novemba 2017 Google ilitangaza kwamba kivinjari chake cha Chrome kitazuia tangazo lililo ndani ya fremu, yaani kisanduku chenye ukurasa mwingine ndani yake, kuuhamisha ukurasa mzima ikiwa msomaji hajagusa kitu, na kinga hiyo ikaja na toleo la 64, Januari 2018. Ilisaidia, lakini haikumaliza. Mwaka 2019 kampuni ya usalama ya Confiant ilieleza juu ya kundi ililoliita eGobbler, lililokuwa limegundua kasoro katika Chrome ya iPhone na kukipenya kizuizi chake cha madirisha ibukizi, yale yanayojifungua yenyewe. Kasoro ikarekebishwa baadaye mwaka huo.

Angalia tena ile sharti: ikiwa msomaji hajagusa kitu. Basi matapeli wakaamua kukungoja uguse. Ndiyo maana kwenye tovuti za filamu za wizi, mguso wa kwanza kwenye kitufe cha kucheza haufungui filamu. Juu ya kitufe kuna utando usioonekana, na wewe umeugusa huo. Unapelekwa kwingine, unarudi, unabonyeza tena, na mara ya pili filamu inaanza. Hapa sasa mwenye tovuti siwezi kumtetea. Kwa kawaida analipwa kwa kila mgeni anayemrusha.

Mshukiwa wa pili ni tovuti iliyovamiwa, hasa iliyojengwa kwa WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, ikawa na programu-jalizi (vipande vya nyongeza) ambazo hazijasasishwa. Mvamizi hupachika mistari michache kisha akaiacha tovuti ionekane nzima. Ujanja wake ni katika kuchagua nani wa kumrusha. Mistari hiyo hutazama kwanza: mgeni anatumia simu? Ametokea kwenye matokeo ya utafutaji? Amewahi kurushwa leo? Aliyeandika anwani mwenyewe kwenye kompyuta, au aliyeingia kama msimamizi, anaachwa apite. Unamwandikia mwenye tovuti kulalamika, anafungua kwenye kompyuta yake, anaona kila kitu ni shwari, anadhani tatizo liko kwenye simu yako. Wote wawili mnasema kweli. Akitaka kuona unachokiona, achukue simu, afungue dirisha fiche (incognito), atafute jina la tovuti yake kwenye Google na aingie kwa kubonyeza matokeo.

Kwa nini simu hasa? Skrini ni ndogo, anwani haionekani yote, na kidole hukosea kwa urahisi kuliko kipanya. Tena simu ina namba na salio. Ukitumia data ya mtandao wa simu, kuna kurasa za kujiunga na huduma za kulipia ambazo mtandao wako huzijulisha namba yako, kisha makato yanatoka kwenye salio bila wewe kuandika chochote. Kuna pia zile zinazosema "bonyeza Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti". Kitufe hicho hakithibitishi lolote. Kinaipa tovuti ruhusa ya kukutumia arifa, na kuanzia hapo matangazo yanakufuata hata kivinjari kikiwa kimefungwa. Kuhusu vile virusi vinne: ukurasa wa wavuti hauna uwezo wa kuichunguza simu yako na kuvihesabu. Kwenye Android unaweza kuitikisa simu ukishaigusa, ndiyo hiyo mitetemo ya kutisha, lakini virusi hauvioni.

Wakati mwingine, lakini, amri inatoka upande wako. Kipimo chake ni rahisi. Ukirushwa kwenye tovuti moja tu, tatizo ni la tovuti hiyo au matangazo yake. Ukirushwa kwenye tovuti zisizohusiana kabisa, kumbuka programu uliyosakinisha siku za karibuni, labda ya tochi au ya kusafisha simu, uiondoe uone. Matangazo yakijifungua hata wakati kivinjari hakitumiki, shaka hiyo inaongezeka. Na kama simu zote zilizo kwenye Wi-Fi moja zinarushwa, zima Wi-Fi, jaribu kwa data. Kurushwa kukiisha, kaikague ruta: huenda mtu amebadilisha mipangilio yake ya DNS, ile inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani.

Ukiwa tayari umeshanaswa, usiguse kitufe chochote kilicho ndani ya ukurasa, hata chenye alama ya kufunga, kwa kuwa hiyo nayo imechorwa na tapeli. Fungua orodha ya vichupo (tabs) vya kivinjari na ufunge kile kimoja kutokea hapo. Kisha kwenye mipangilio hakikisha uzuiaji wa madirisha ibukizi umewashwa, na pitia orodha ya tovuti zenye ruhusa ya arifa, usiyoikumbuka, iondoe. Kufuta vidakuzi, zile kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari, na historia, ushauri unaotolewa kila mahali, mara nyingi hakusaidii sana. Kunaweza hata kukurudisha kwenye kundi la "hajarushwa leo".

Na kile kitufe cha kurudi kisichorudi? Ukurasa wa tapeli umeongeza nakala zake kwenye historia ya kichupo, kumi au ishirini, hivyo kila unaporudi nyuma unaangukia nakala nyingine. Kwenye Safari ya iPhone shikilia mshale wa kurudi badala ya kuugusa tu. Itatokea orodha: jina lilelile limejipanga mstari kwa mstari, na chini yake ile makala uliyokuwa unaisoma. Iguse hiyo.