Michezo ya vyuo wakati wa janga: yanayosemwa Lamu na Malindi, na ukweli ulivyo

Maradhi mapya yakitajwa redioni, swali la kwanza vyuoni huwa la masomo na la pili huwa la mpira: mashindano yaendelee au yasimame? Mwaka 2020 jibu lilikuja kwa amri. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi, na siku mbili baadaye ikatolewa amri ya kufunga shule na vyuo. Michezo ikasimama papo hapo. Janga lijalo huenda lisije na amri iliyo wazi namna ile. Uamuzi unaweza kumwangukia mkuu wa chuo, kocha na manahodha, nao wataamua kwa yale waliyoyasikia barazani.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Mchezo wa nje, kati ya watu wa mji mmoja, unaweza kuendelea katika majanga mengi. Vinavyopaswa kusimama kwanza ni safari, malazi ya pamoja na mashabiki. Wengi hufanya kinyume: huzuia mazoezi ya jioni uwanjani, kisha huruhusu basi lililojaa liende mashindanoni.

"Hatari iko uwanjani, wachezaji wanapogusana"

Kwa korona hii ndiyo dhana iliyopotosha watu zaidi. Watafiti wa Denmark walipopima mechi za kandanda walikuta kwamba mchezaji hukaa karibu na mwenzake, ndani ya mita moja na nusu, kwa wastani wa dakika moja na nusu hivi katika mechi nzima. Katika ligi ya raga ya Uingereza, mchezo wa kukumbatiana na kuangushana, walifuatiliwa wachezaji waliocheza wakiwa na virusi bila kujua. Kati ya wenzao 28 waliogusana nao kwa karibu zaidi, mmoja tu ndiye aliyeonekana baadaye kuwa na virusi. Wachezaji wengine walioonekana kuambukizwa walihusishwa zaidi na maisha ya klabu, matembezi, na kupanda gari moja.

Sasa chukua timu ya Lamu inayokwenda kucheza Malindi. Mechi ni dakika 90 penye upepo. Safari ni boti hadi Mokowe, kisha kama kilomita 220 za barabara, watu bega kwa bega, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi au kwa sababu kuna kiyoyozi kinachozungusha hewa ile ile. Usiku wanalala kumi katika darasa moja. Asubuhi wanakula sinia moja. Ukitafuta mahali virusi vilipopata nafasi, uwanja ni wa mwisho katika orodha.

Ikiwa safari haiepukiki, hesabu zifanywe kabla ya kuchangisha nauli. Mwaka 2020 kanuni ya magari ya abiria nchini ilikuwa asilimia 60: matatu ya viti 14 ibebe 8, gari la viti 25 libebe 15. Timu ya wachezaji 18 na viongozi 4 ni watu 22, yaani matatu tatu au magari mawili ya viti 25. Hapa ndipo mambo huharibika, kwa kuwa bajeti huandikwa kwa gari moja, na siku ya safari wote husukumana humo humo. Fungua dirisha la mbele na la nyuma, pande zinazopingana, ili hewa ipite mwilini mwa gari badala ya kuzunguka. Kila mtu akae kiti kile kile kwenda na kurudi, na namba ya kiti iandikwe kwenye daftari pamoja na jina na simu. Daftari litunzwe siku 14. Mmoja akiugua Jumatano, unajua wa kumpigia simu bila kukisia.

Boti ya wazi ina nafuu ya upepo, ila tumeona hofu ikileta hatari kubwa zaidi: watu kukataa jaketi la kuokolea maisha kwa kuwa limevaliwa na mwingine. Jaketi livaliwe. Lisuguliwe kwa maji na sabuni baada ya safari na lianikwe juani. Mkondo wa bahari haungoji janga liishe.

"Joto la pwani na maji ya chumvi humuua mdudu"

Jua kali huvidhoofisha virusi vilivyo juu ya kitu. Halifiki ndani ya bweni, wala ndani ya pafu. Huko Cheonan, Korea Kusini, mwaka 2020 watu 112 waliunganishwa na madarasa ya mazoezi ya dansi kwenye kumbi 12, na watafiti walishuku kwamba joto na unyevu wa kumbi zilizojaa watu wanaohema ndivyo vilivyozidisha maambukizi. Mwalimu mmoja kati ya hao alifundisha pia mazoezi ya polepole ya kunyoosha viungo, na wanafunzi wake wa darasa hilo hawakuambukizwa. Kwa hiyo ukumbi wa kunyanyulia vyuma uliofungwa, wenye joto la Malindi na watu ishirini wanaohema, ni mahali pabaya mno. Vyuma vitolewe nje chini ya mwembe. Kuoga baharini ni kuzuri kwa misuli, na hakuna zaidi ya hapo. Kujifukiza kabla ya mechi nako hakuzuii maambukizi, na sufuria ya maji ya moto imeunguza watu.

"Wamepimwa, wako salama"

Kupima joto la paji la uso langoni hakumgundui aliyeambukizwa jana. Dalili za korona zilichukua siku 2 hadi 14 kujitokeza, mara nyingi 5 au 6, na mtu aliweza kuambukiza siku moja au mbili kabla yake. Tena kipimo cha paji la uso hudanganya mtu akitoka juani. Akae kivulini dakika 15 kwanza.

Vipimo vya haraka vya puani vina kasoro yake. Uchambuzi mkubwa wa Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba viliwabaini kama watu 58 kati ya kila 100 wenye virusi wasio na dalili. Waliobaki hupewa karatasi yenye neno "hana" na kuingia basini wakiwa wametulia kabisa. Mwezi Juni 2020 huko Florida, mchezaji mmoja wa hoki ya barafu alicheza akijihisi mzima, akaanza kuumwa siku iliyofuata. Ndani ya siku tano wachezaji 14 kati ya 22 wa timu mbili walikuwa wanaumwa, na mfanyakazi mmoja wa ukumbi pia. Mchezo ule ulikuwa ndani, hewa ya baridi haitoki, na kila upande ulikuwa na benchi la kubanana.

Kipimo kinafaa kikirudiwa mara kwa mara na kikifuatwa na hatua. Kipimo kimoja cha kuondokea safari ni cha kuridhisha wakubwa tu.

"Vijana hawadhuriki"

Ni kweli kwamba wanariadha wengi wa vyuo walipona bila shida. Kati ya 3,018 walioambukizwa na kuchunguzwa Marekani, 21 walionekana kuwa na dalili za moyo kuguswa, yaani asilimia 0.7. Katika vyuo vya Big Ten, moja ya ligi kubwa za vyuo huko Marekani, ambako kipimo cha picha ya moyo kilitumika kwa upana, walikuwa 37 kati ya 1,597, asilimia 2.3, na wengi wao hawakuhisi chochote moyoni. Ni wachache. Lakini moyo wenye uvimbe ukikimbizwa kwa nguvu unaweza kusimama ghafla, na katika visiwa vya Kaunti ya Lamu kijana aliyeanguka uwanjani huenda akangoja boti kabla ya kumwona daktari.

Kwa hiyo kurudi uwanjani kuwe kwa ngazi. Utaratibu ulioandikwa na madaktari wa michezo wa Uingereza mwaka 2020 unafuatika hata kwenye chuo kisicho na mashine. Mchezaji hupumzika siku 10 tangu dalili zianze, na 7 za mwisho kati ya hizo ziwe bila dalili wala dawa ya kushusha homa. Kisha siku mbili za kutembea au kukimbia polepole, si zaidi ya dakika 15, mapigo ya moyo yasizidi asilimia 70 ya upeo wake. Kisha siku moja ya dakika 30 na siku moja ya dakika 45, yasizidi asilimia 80. Kisha siku mbili za dakika 60. Siku ya 17 ndiyo ya mapema zaidi kurudi kwenye mazoezi ya kawaida.

Upeo hupatikana kwa kutoa umri kutoka 220. Wa miaka 20 ana upeo wa 200, hivyo mipaka yake ni 140 na 160 kwa dakika. Weka vidole viwili shingoni, hesabu sekunde 15: mapigo 35 ndiyo mpaka wa kwanza, 40 ndiyo wa pili. Joto la saa nane mchana hupandisha mapigo bila kazi, basi ngazi hizi zifanywe alfajiri. Mwezi wa Ramadhani zifanywe baada ya futari, mwili ukiwa umepata maji. Kifua kikiuma, moyo ukidunda ovyo, pumzi ikikata au kizunguzungu kikija, asimame siku hiyo hiyo na aonwe na daktari.

Kosa la kawaida ni kocha kuhesabu siku 10 huku mchezaji akimeza panado kila asubuhi. Homa iliyofichwa haijaisha.

Halafu kuna wasiocheza. Mwanafunzi wa mtaa wa Langoni au Maweni hulala nyumba moja na bibi yake. Yeye atakohoa siku mbili. Bibi ana presha na sukari. Mwenye kusema vijana hawadhuriki amehesabu walioko uwanjani peke yao.

"Mbona Marekani walicheza?"

Walicheza, na inafaa kuangalia kwa gharama gani. Tarehe 12 Machi 2020 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilifuta mashindano yake makubwa ya mpira wa kikapu. Mwezi Agosti ligi ya Big Ten iliahirisha msimu wa kandanda ya Kimarekani, kisha ikageuza uamuzi tarehe 16 Septemba kwa sharti la kupima wachezaji kila siku. Kanuni yake ilikuwa na namba: wenye virusi wakizidi asilimia 5 ya vipimo vya timu, na asilimia 7.5 ya kundi zima linaloizunguka, mazoezi na mechi vinasimama siku 7 au zaidi. Mwanzoni aliyekutwa na virusi hakucheza siku 21. Hata hivyo mechi zaidi ya 100 za kandanda hiyo za ngazi ya juu ziliahirishwa au kufutwa nchi nzima. Machi 2021 mashindano ya kikapu yalikusanywa Indiana, na bado timu ya VCU, chuo kikuu cha Virginia Commonwealth, iliondolewa saa chache kabla ya kucheza na Oregon. Vyuo vinane vya Ivy League, kama Harvard na Yale, vyenye fedha nyingi kuliko vingi, havikucheza ligi yao msimu wote wa 2020–21.

Chuo chetu hakina fedha za kupima kila siku. Kinachoigika ni ile namba ya kusimama. Tunapendekeza iandikwe na kubandikwa kabla ya msimu: wachezaji wawili wa vyumba tofauti wakithibitika ndani ya siku 7, timu inasimama siku 10. Ikiachwa kuamuliwa siku ya fainali, jibu litakuwa "tumalize hii kwanza".

"Asiyetaka kucheza ni mwoga"

Mwanafunzi hachezi kwa mshahara. NCAA yenyewe iliwapa wachezaji wa msimu ule mwaka wa ziada wa kuruhusiwa kucheza, na ikataka ufadhili wa aliyejitoa uheshimiwe. Hapa inatosha kocha atangaze mbele ya wote kwamba nafasi ya aliyejitoa inamngoja, bila kuuliza sababu. Mwenye pumu au anayemuuguza mzazi hatasema mbele ya wenzake.

"Tunyunyizie mpira dawa"

Korona ilienea kwa vitu kidogo sana ukilinganisha na hewa. Sabuni inatosha kwa mpira, na jiki hula ngozi yake. Jiki ya asilimia 3.5 itumike kwenye vitasa na mabenchi: sehemu moja kwa sehemu 34 za maji, yaani kama mililita 570 kwa mtungi wa lita 20. Ichanganywe upya kila siku kwa kuwa jua huipunguza nguvu, wala isikutane na siki au dawa nyingine ya choo. Barakoa ni ya benchini na garini. Anayekimbia asivae, kwani ikilowa jasho pumzi huwa nzito.

"Tuliyajua ya korona, yatatutosha"

Kanuni hufuata njia ya maradhi. Kipindupindu hakijali umbali wa mita moja. Njia yake ni ndoo ya maji na ile kata moja inayozunguka timu nzima. Hapo kila mchezaji awe na chupa yake yenye jina, maji yachemshwe au yatiwe dawa, na mwenye kuharisha asikaribie jikoni. Ugonjwa wa mpox, uliothibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza Julai 2024 huko Taita Taveta, hupita zaidi kwa ngozi kugusana na kwa nguo. Hapo raga na mieleka vinasimama kabla ya voliboli, taulo haziazimwi, na fulana za mazoezi, zile zinazovuliwa na mmoja na kuvaliwa na mwingine zikiwa na jasho, zinafuliwa kila baada ya matumizi. Mwenye upele usioeleweka anakaa nje mpaka aonwe, na harudi mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya iote chini yake.