Walowezi Waliomwasi Mfalme: Uhuru wa Marekani na Waliobaki Nje Yake

Ukisema "kupigania uhuru" mbele ya msomaji wa Afrika Mashariki, picha inayomjia ni ya mwenyeji anayemdai mgeni nchi yake: Maji Maji, Mau Mau, TANU. Vita vya uhuru wa Marekani, vilivyoanza Aprili 1775 na kumalizwa kwa mkataba wa Paris wa Septemba 1783, ni habari nyingine. Walioshika bunduki walikuwa walowezi, wengi wao wa asili ya Kiingereza, waliokalia ardhi za watu wengine, na viongozi wao kadhaa walimiliki watumwa. Waliasi serikali ya kwao wenyewe. Ukitafuta mfano katika bara letu, Tanganyika ya 1961 iko mbali. Ulio karibu ni Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ya Novemba 1965, pale waziri mkuu wa walowezi, Ian Smith, na wenzake walipojitangazia uhuru kutoka London kwa tamko lililoiga muundo wa lile la Wamarekani. Tanzania ilichukizwa na ulegevu wa Uingereza katika jambo hilo hata ikavunja nayo uhusiano wa kibalozi mwezi uliofuata.

Hata hivyo hatuwezi kuwaweka Smith na Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Tamko la Uhuru la Wamarekani la 1776, katika kapu moja na kufunga mjadala. Wamarekani wa 1776 waliandika maneno mapana kuliko nia yao, na watu ambao hawakualikwa wakayadaka wakaenda nayo mahakamani, vitani, na hatimaye hadi pwani ya Afrika Magharibi. Sisi tunaofundisha somo hili tungependa wasomaji wavijue visa hivyo sawasawa na wanavyolijua jina la George Washington.

Tuanze na kodi, maana ndiyo jibu analolitoa karibu kila mwanafunzi. Husema walowezi walichoshwa na kodi nzito. Si hivyo: mlowezi wa Massachusetts alilipa kodi ndogo sana akilinganishwa na Mwingereza aliyekaa Uingereza. Shina la ugomvi lilikuwa deni. Vita vya Miaka Saba dhidi ya Ufaransa, vilivyokwisha 1763, viliipa Uingereza Kanada, na vilevile viliongeza deni la taifa karibu maradufu. Juu ya hilo, London iliamua kubakiza Amerika askari wapatao 10,000, na mawaziri wakaona ni haki wanaolindwa wachangie gharama za ulinzi wao. Kwa mtu aliyekalia kiti cha hazina, hoja hiyo haikuwa na kasoro.

Kasoro ilikuwa katika utekelezaji. Mwaka 1765 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Stempu: hati za mahakama, leseni, magazeti, hata karata na dadu, vyote vilitakiwa kuwa na muhuri uliolipiwa. Fedha yenyewe haikuwa kubwa. Tatizo ni kwamba iliwagusa kwa mpigo mawakili, wachapishaji wa magazeti na wenye vilabu vya pombe, na ni vigumu kutunga kodi itakayowakera watu wenye sauti kubwa kuliko hao. Kabla ya mwaka kwisha, makoloni tisa yalikuwa yametuma wajumbe New York kupanga upinzani wa pamoja, na mawakala wa stempu katika miji kadhaa walikuwa wamejiuzulu kwa kuhofia usalama wao.

Nyuma ya kelele hizo palikuwa na jambo zito. Makoloni yalizoea kujitoza kodi yenyewe kupitia mabaraza yao ya kutunga sheria. La Virginia lilikutana mara ya kwanza 1619. Kwa zaidi ya karne London ilikuwa haijishughulishi sana na mambo yao ya ndani, na mazoea yakageuka kuwa haki machoni pa watu. Walipouliza ni mbunge gani aliyewasemea kodi hiyo ilipopitishwa, walijibiwa kwamba kila mbunge anawakilisha himaya nzima, na kwamba hata Manchester na Birmingham hazina mbunge wake lakini zinalipa. Jibu hilo lilizidisha hasira. Bunge likafuta stempu Machi 1766, na siku hiyohiyo likapitisha sheria nyingine ikitamka kuwa lina mamlaka ya kuyafunga makoloni katika kila jambo, liwalo lolote. Kwa maoni yangu, sheria hiyo isiyotoza hata senti moja ndiyo iliyobeba ugomvi wote: nani anaamua.

Ushahidi ni chai. Sheria ya Chai ya 1773 ilishusha bei. Iliiruhusu Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, iliyokuwa inakaribia kufilisika, kupeleka chai yake moja kwa moja Amerika, huku ushuru mdogo wa awali ukibaki palepale. Mnywaji alipata nafuu. Walioumia walikuwa wafanyabiashara wa Boston na New York, baadhi yao wakiwa wauzaji wa chai ya magendo kutoka kwa Waholanzi, pamoja na wote walioona kwamba kununua chai rahisi ni kukubali kimyakimya haki ya Bunge kuwatoza. Usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 makasha 342 ya chai, uzito wa tani zaidi ya 40, yakamwagwa katika bandari ya Boston.

Si kila mtu aliingia mapambanoni kwa sababu hiyo. Wenye mashamba makubwa ya tumbaku Virginia walikuwa wamezama katika madeni kwa wafanyabiashara wa Uingereza, na walikuwa wakizimezea mate ardhi za magharibi mwa milima ya Appalachia ambako amri ya mfalme ya 1763 ilizuia walowezi kuhamia. Washington mwenyewe alikuwa na biashara ya ardhi huko. Mjini Boston ugomvi ulikuwa wa kibarua: askari waliokosa fedha za kutosha walitafuta kazi za ziada kwa ujira mdogo, wakiwanyang'anya wakazi wa mji riziki. Siku chache kabla ya mauaji ya tarehe 5 Machi 1770, askari hao walipoufyatulia risasi umati wa raia, palikuwa na mapigano kwenye karakana ya kusokota kamba kwa sababu hiyohiyo. Katika watu watano waliouawa, anayekumbukwa zaidi ni Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika.

Wakulima wa bara walichelewa kuamka. Kilichowaamsha ni adhabu za 1774, Bunge lilipofunga bandari ya Boston na kuzuia vijiji vya Massachusetts kufanya mkutano wao wa hadhara zaidi ya mara moja kwa mwaka bila idhini ya gavana. Kwa mkulima, mkutano ule ndio ulikuwa serikali yenyewe. Septemba 1774, miezi saba kabla ya risasi ya kwanza ya vita kufyatuliwa Lexington, maelfu ya wanamgambo walijipanga pande mbili za barabara mjini Worcester na kuwalazimisha maofisa wa mahakama wa mfalme wapite katikati yao kofia mkononi, wakisoma kwa sauti, tena na tena, kwamba wameacha kazi. Ninapoulizwa mapinduzi yalianza lini hasa, huitaja siku hiyo kabla ya nyingine.

Sasa tuje kwa waliokuwa wamemilikiwa. Mwaka 1776 makoloni 13 yalikuwa na watu wapatao milioni 2.5, na karibu mmoja kati ya watano alikuwa mtumwa. Magazeti ya walowezi yalilalamika kila wiki kwamba Uingereza inataka kuwafanya "watumwa", na baadhi yake yalibeba ukurasa uleule matangazo ya watumwa waliotoroka. Mkuki kwa nguruwe. Novemba 1775 gavana wa Virginia, Lord Dunmore, alitangaza kwamba mtumwa wa mwasi atakayejiunga na jeshi la mfalme atakuwa huru. Hakufanya hivyo kwa huruma, kwani yeye mwenyewe alikuwa na watumwa. Lakini maelfu walikimbilia kwa Waingereza, na wamiliki wengi waliokuwa bado wanasitasita wakaamua kuunga mkono uasi. Upande wa pili, watu weusi wapatao 5,000 walipigana katika majeshi ya waasi, wengine kwa ahadi ya kuachwa huru.

Yale maneno ya usawa wa binadamu yaliyokuwemo katika Tamko la Uhuru na katiba za majimbo hayakukaa mahali pake. Katiba ya Massachusetts ya 1780 ilitamka kuwa watu wote huzaliwa huru na sawa. Mwaka uliofuata mwanamke mtumwa aliyeitwa Bett alimwendea wakili, akashtaki kwa msingi wa maneno hayo, akashinda, akachukua jina la Elizabeth Freeman. Kesi nyingine ya Quock Walker ilifuata njia hiyo, na sensa ya 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja katika jimbo lile. Vermont ilikuwa imepiga marufuku utumwa wa watu wazima katika katiba yake ya 1777. Pennsylvania ilikwenda polepole: sheria yake ya 1780 iliwaacha waliokuwa watumwa katika hali yao, na watoto waliozaliwa baada yake wakatakiwa kutumika hadi miaka 28 ndipo wawe huru.

Kusini mambo yalikwenda kinyume. Katiba ya 1787 iliwahesabu watumwa kila mmoja kama sehemu tatu kati ya tano za mtu, ili kuwaongezea wamiliki viti bungeni. Mashine ya kuchambua pamba ya 1793 ilipofanya zao hilo kuwa dhahabu, watumwa wakaongezeka kutoka karibu 700,000 mwaka 1790 hadi karibu milioni nne mwaka 1860. Pamba hiyo ilisokotwa katika viwanda vya Massachusetts, na nguo yake, merikani, ikaletwa Unguja na meli za Salem, bandari ya Massachusetts, kubadilishwa kwa pembe za ndovu. Biashara hiyo nayo ni tunda la uhuru, kwani chini ya mfalme, biashara ya mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema ilikuwa miliki ya Kampuni ya India ya Mashariki.

Kwa wanaume weupe wa kawaida mabadiliko yalikuwa makubwa kweli. Vyeo vya kurithi vilipigwa marufuku. Virginia ilifuta sheria zilizoyafunga mashamba katika ukoo mmoja na zile zilizompa kifungua mimba ardhi yote pale baba alipokufa bila wosia, na mwaka 1786 ikatenganisha kanisa na serikali. Pennsylvania ilimruhusu kupiga kura kila mwanamume mlipa kodi. Miji mikuu ya majimbo kadhaa ilihamishwa kutoka pwani kwenda bara, karibu na wakulima. Hao wakulima hawakuridhika na sherehe tu: mwaka 1786, walipobanwa na madeni na kodi za serikali yao mpya, wale wa magharibi mwa Massachusetts walifunga mahakama kwa silaha kama walivyofunga zile za mfalme. Safari hii waliokuwa wanamapinduzi waliwatumia jeshi.

Wanawake walibeba mgomo wa bidhaa za Uingereza mabegani. Walisokota na kufuma nguo nyumbani, wakaendesha mashamba waume wakiwa vitani. Machi 1776 Abigail Adams alimwandikia mumewe John, mjumbe wa Kongresi ya waasi, akimtaka awakumbuke wanawake katika sheria mpya, na mume akalichukulia kama mzaha. Mke aliyeolewa aliendelea kukosa haki ya mali kwa jina lake. New Jersey peke yake iliwaachia wanawake wasioolewa wenye mali wapige kura, ikawanyang'anya haki hiyo mwaka 1807.

Wenyeji wa asili walipoteza zaidi ya wote. Shirikisho la Iroquois liligawanyika, Wamohawk wakiwa na mfalme, Waoneida wakiwa na waasi. Mwaka 1779 Washington alituma jeshi likachoma vijiji vyao zaidi ya 40 pamoja na mahindi na miti ya matunda. Na mkataba wa 1783 uliwapa Wamarekani nchi yote hadi mto Mississippi bila kuwataja wenyeji hata kwa neno moja, wawe walipigana upande upi.

Watiifu wa mfalme wapatao 60,000 walihama. Miongoni mwao watu weusi wapatao 3,000 walipelekwa Nova Scotia, katika Kanada ya leo, wakapewa ardhi ya mawe au wasipewe kabisa. Mwaka 1792 karibu 1,200 kati yao walipanda meli kwenda Sierra Leone wakaanzisha Freetown. Mmoja wao, Harry Washington, alizaliwa Afrika Magharibi, akauzwa, akawa mtumwa wa George Washington huko Mount Vernon, akatoroka kujiunga na Waingereza. Kampuni iliyotawala Freetown ilipowatoza kodi ya ardhi waliyoahidiwa bure, walikataa, wakasema watajitungia sheria wenyewe. Uasi wao wa mwaka 1800 ulizimwa na askari wa Uingereza na Wamaroon, watu wa jamii za watumwa waliotoroka, waliotoka Jamaika. Viongozi wawili walinyongwa, na Harry akafukuzwa mjini, akapelekwa ng'ambo ya mto, upande wa Bullom.