Je, wajua kwa nini makala iliyoandikwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, humfikia msomaji wa Dar kwa kuchelewa na kwa dola?

Tuchukue mfano wa mhadhiri wa sayansi ya siasa hapa Dar es Salaam aliyetuma makala yake kwa jarida la kitaaluma Januari 2022. Makala inahusu Jumuiya ya Afrika Mashariki, na aya ya kwanza inasema Jumuiya ina nchi wanachama 6. Aprili mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikatia saini mkataba wa kujiunga, na Julai ikawa mwanachama kamili. Zikawa 7. Desemba 2023 ikasaini Somalia, na Machi 2024 zikawa 8. Makala ya namna hiyo, kwa mwendo wa kawaida wa majarida, ingeweza kabisa kurekebishwa idadi hiyo mara mbili kabla haijatoka. Na siku inapotoka, mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye wateja wa Lubumbashi, au ofisa forodha wa bandarini, akiitafuta mtandaoni ataona ikisiri tu, aya moja ya muhtasari, na chini yake kitufe kinachomtaka alipe dola 30 au 40 ili asome kilichobaki.

Watu huchanganya mambo haya mawili na kuyalaani pamoja. Mimi nayatenganisha. Kuchelewa kuna sababu ninazozitetea. Kulipia kumetokana na historia ambayo ingeweza kabisa kupita njia nyingine.

Tuanze na kuchelewa. Makala ikifika, huisoma kwanza mhariri, ambaye mara nyingi naye ni mwalimu wa chuo kikuu mwenye madarasa yake. Nyingi huishia hapo, ama kwa sababu haziendani na jarida, ama kwa sababu hazina hoja mpya. Inayopita hupelekwa kwa wahakiki wawili au watatu, watu wanaolijua somo hilo, na majina hufichwa: mwandishi hajui nani anamsoma, na mhakiki hajui anamsoma nani. (Katika fani ndogo kama mtangamano wa Afrika Mashariki, yaani kuungana kwa nchi zake kiuchumi na kisiasa, siri hiyo huvuja kirahisi. Wanaoandika juu ya soko la pamoja ni wachache, na mtindo wa mtu hujulikana.)

Kazi yenyewe ya uhakiki ndiyo utamu wa mambo haya, na wasomaji wengi hawaioni kamwe. Mwandishi amesema vikwazo vya biashara mipakani vimepungua. Mhakiki atauliza: umepima kwa kipimo gani? Umewahoji maofisa wa makao makuu Arusha, je, umewahoji madereva wa malori waliolala Rusumo, mpakani na Rwanda, wakisubiri karatasi? Umesema Tanzania inasuasua katika mtangamano. Umezingatia kwamba ni mwanachama wa SADC pia, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, na kwamba ilijitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000? Nchi inayokaa katika jumuiya mbili ina hesabu mbili za ushuru za kupiga, na kusuasua kwake huenda ni hesabu tu. Maswali kama hayo humrudisha mwandishi kwenye daftari lake la utafiti, pengine hata mpakani kwenyewe. Akisharekebisha, makala inarudi kwa wahakiki walewale, nao husoma upya.

Wahakiki hawa hawalipwi. Wanasoma usiku, baada ya kusahihisha mitihani, na mhariri hulazimika kuwaomba watu kadhaa kabla hajawapata wawili wanaokubali. Miezi inaliwa hapo. Zaidi ya hayo, mwiko wa taaluma ni kutuma makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Ikikataliwa baada ya miezi 8, foleni inaanza upya kwingine. Majarida makubwa ya sayansi ya siasa duniani hukubali makala chini ya 10 katika kila 100, kwa hiyo kukataliwa ndiyo hali ya kawaida.

Kwa nini nautetea mwendo huu wa polepole? Angalia mwaka 1977. Ukiuliza kijiweni Jumuiya ya kwanza ilikufaje, wengi watakujibu kwamba Mwalimu Nyerere na Idi Amin waligombana. Ugomvi ulikuwepo: baada ya mapinduzi ya Uganda ya 1971 Nyerere alikataa kukaa meza moja na Amin, na mkutano wa wakuu wa nchi, chombo cha juu cha Jumuiya, haukukaa tena. Lakini watafiti walipochambua hesabu na kumbukumbu, walikuta mambo mengine yaliyokuwa yakitafuna mti kwa ndani: viwanda vilivyojazana Kenya, malalamiko ya Tanzania na Uganda kwamba faida haigawanywi sawa, sera za ujamaa upande mmoja na za soko upande wa pili, na mivutano ya fedha katika mashirika ya pamoja ya reli na ndege. Shirika la ndege la pamoja lilipovunjika mapema 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Mambo haya hayagunduliwi kwa kuandika haraka. Na kwa kuwa Jumuiya ya sasa, ambayo mkataba wake ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, inabeba mizigo ileile ya kugawana faida, ni muhimu mno tukajua kilichotokea badala ya kile tunachopenda kusimuliana.

Sasa kulipia.

Jarida la kitaaluma lilizaliwa 1665, Paris na London. La London lilianzishwa na Henry Oldenburg, katibu wa chama cha wanasayansi cha huko. Kwa miaka mingi majarida yalikuwa ya vyama vya wasomi, na wengi hawakuyategemea kwa utajiri. Baada ya Vita Kuu ya Pili vyuo vikuu vikaongezeka, fedha za utafiti zikaongezeka, na wafanyabiashara wakaliona hilo. Anayetajwa zaidi ni Robert Maxwell, mzaliwa wa Czechoslovakia aliyekuja kuwa mchapishaji Uingereza. Mwaka 1991 aliiuza kampuni yake, Pergamon Press, kwa Elsevier, mchapishaji wa Uholanzi, kwa pauni milioni 440.

Faida kubwa ilitoka wapi katika makala kavu namna hii? Mwandishi halipwi na jarida, kwa kuwa ana mshahara wa chuo. Mhakiki halipwi. Mara nyingi utafiti wenyewe umegharimiwa na umma. Kisha chuo kilekile kinalipa ili wanafunzi wake wasome. Ni sawa na fundi seremala atoe mbao, afanye kazi yote, halafu auziwe kiti alichokitengeneza mwenyewe. Na maktaba haina uwezo wa kusema itanunua makala ya bei nafuu zaidi, kwa sababu kila makala ni moja tu duniani; hoja iliyo ndani yake huipati katika nyingine.

Mwandishi naye hana jinsi. Anachokihitaji ni kupanda kutoka mhadhiri kuwa mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, kisha profesa, na ngazi hizo hupandwa kwa machapisho. Hapo ndipo vipimo vinapoingia. Eugene Garfield wa Marekani alianzisha miaka ya 1960 orodha ya kuonyesha ni makala gani imenukuliwa na nani. Kutokana nayo kikaja kipimo cha jarida: makala zake za miaka miwili iliyopita zimenukuliwa mara ngapi, kwa wastani. Kwa mkutubi anayechagua majarida ya kununua, kipimo hicho kina maana. Kukitumia kupima thamani ya utafiti wa mtu ni jambo jingine kabisa, nami naona limetuumiza. Makala kuhusu wauza mitumba wanaovuka Namanga itanukuliwa na wachache, kwa kuwa wanaoandika juu ya Namanga ni wachache. Jarida la Dar es Salaam litakalochapisha makala 10 za aina hiyo litapata alama ndogo, hata kama kila moja inamfaa mtunga sera wa Dodoma. Mwandishi mwenye akili anaipeleka Ulaya. Mhariri wa Ulaya anauliza, na kwa wasomaji wake ni swali la haki, makala hii inatuambia nini juu ya nadharia ya mtangamano kwa jumla? Basi mwandishi anaanza na Umoja wa Ulaya, anapitia nadharia aliyoijenga mtaalamu wa siasa Ernst Haas mwaka 1958 kutokana na nchi za Ulaya Magharibi, na muuza mitumba anaingia ukurasa wa 12.

Haikuwa hivyo siku zote. Miaka ya 1960 Afrika Mashariki ilikuwa mahali ambapo nadharia hizo zilikuja kupimwa. Joseph Nye, Mmarekani aliyekuja kuwa maarufu sana katika uhusiano wa kimataifa, alianza kwa kuitafiti Afrika Mashariki, akaandika juu ya uchumi wa pamoja wa nchi hizi mwaka 1963 na kutoa kitabu mwaka 1965. Nasi tulikuwa na vyombo vyetu. Chuo cha Dar es Salaam kilianza 1961, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi kuanzia 1963 hadi 1970. Muungano huo wa vyuo ulipoachana, haukupita mwaka mmoja Idara ya Sayansi ya Siasa ya Mlimani ikaanzisha jarida lake, The African Review, mwaka 1971. Jarida la Utafiti likafuata 1976. Nalipenda wazo lililokuwa nyuma ya majarida hayo: kwamba hukumu ya nini ni muhimu kuhusu siasa za Afrika inaweza kutolewa hapa.

Kisha ikaja miaka ya 1980, uchumi ukabana, karatasi na fedha za kigeni zikawa adimu, na majarida mengi ya vyuo vya Afrika yakawa yanachelewa au kukatika. Leo The African Review na Utafiti yote yanachapishwa na Brill, mchapishaji mwenye asili ya Leiden, Uholanzi. Siwalaumu wahariri. Wamepata uhakika wa matoleo kutoka kwa wakati na kuonekana katika orodha za kimataifa. Lakini msomaji wa Ubungo, anayeishi umbali wa daladala moja kutoka ofisi ya mhariri, hukutana na kufuli kwenye makala nyingi.

Ipo njia ya kuondoa kufuli: mwandishi, au chuo chake, analipa ili msomaji asome bure. Jarida la Nature, la sayansi asilia, lilitangaza mwaka 2020 kwamba bei yake ni euro 9,500 kwa makala, zaidi ya shilingi milioni 20. Majarida ya siasa hutoza kidogo kuliko hapo, ila bado ni maelfu ya dola. Wachapishaji kadhaa husamehe waandishi wa nchi maskini kwa kufuata orodha ya Benki ya Dunia, na hapa pana jambo ambalo halikusemwa tuliposherehekea: Julai 2020 Tanzania ilipandishwa kuingia uchumi wa kipato cha kati cha chini, na kwa wachapishaji wa aina hiyo msamaha kamili hugeuka punguzo tu. Pengo hilo ndilo wanalolinyemelea matapeli, wanaotuma baruapepe za kusifu na kuahidi kuchapisha ndani ya wiki bila uhakiki wowote, mradi umelipa.

Na lugha? Agosti 2019 wakuu wa SADC walikutana hapahapa Dar es Salaam wakakifanya Kiswahili lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea kama lugha ya kazi. Makala za kitaaluma kuhusu SADC na Jumuiya, kwa sehemu kubwa, zinaendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Haiwezi kusemwa kwamba uhakiki kwa Kiswahili hauwezekani. Majarida ya Mulika na Kiswahili, ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Mlimani, yamekuwa yakiufanya miaka mingi katika isimu na fasihi. Sayansi ya siasa haijaanza tu.

Wewe unayetaka kusoma leo, usikimbilie kadi ya benki. Tafuta kwanza jina la makala kwenye African Journals Online, hazina iliyoanza 1998 na sasa iko Afrika Kusini, ambako makala nyingi hupakuliwa bure. Angalia hifadhi ya mtandaoni ya chuo cha mwandishi, maana wachapishaji wengi humruhusu aweke pale nakala iliyokubaliwa, kabla ya kupangwa kurasa. Ukikosa, mwandikie mwandishi mwenyewe. Anwani yake ya baruapepe kwa kawaida ipo wazi kwenye ukurasa wa ikisiri. Mwambie wewe ni nani na kwa nini unaihitaji. Hapotezi shilingi kwa kukutumia, kwa kuwa dola zile 40 hazikuwa zake.